Magazini (kile kikasha cha risasi) ya mtumba kwenye bunduki ya .303 ya kuwindia, naomba msaada

Ambwene (Red Deer)

Wandugu kamwene, na wale wa kwetu Tukuyu mwaghonile. Leo nina swali ambalo si la pasipoti wala la kutuma hela nyumbani, mnivumilie. Mwaka jana nilimaliza kozi ya usalama wa silaha hapa Canada, leseni ikatoka (zile siku 28 za kusubiri nilizihesabu kama mtoto anayengoja nguo za Krismasi), halafu jirani yangu mzee wa kizungu aliyekuwa anahamia kwa binti yake akaniuzia bunduki ya Kiingereza ya Lee-Enfield .303, ile ya vita, ila mbao za mbele zimekatwa ikafanywa ya kuwindia. Bei ya kutupa. Sasa magazini iliyokuja nayo ni fupi ya risasi 5, kutu imeila mpaka springi haina nguvu, risasi ya tatu hainyanyuki inabaki imelala humo chini. Nikaona mtandaoni wanauza magazini za mtumba wa jeshi za risasi 10 nikachukua moja, imekuja imejaa grisi nzito utafikiri imetolewa kwenye gearboksi ya Fuso, nimeifuta, nikaiweka, haiingii vizuri. Yaani inaingia nusu inagoma, nikisukuma kwa nguvu inashika lakini inacheza kama jino bovu. Na bolti, kile chuma cha kuvuta kwa mkono kinachoingiza risasi, inapita juu ya risasi bila kuichukua. Je nichukue tupa niisugue? Na hiyo 10 sheria inaruhusu, maana mi kwenye kozi nilisikia 5? Novemba nataka kwenda kwa wale swala wa huku wenye mkia mweupe, muda hauko upande wangu.

Mama Atu (Winnipeg)

Ambwene weka hiyo tupa chini mdogo wangu. Subiri Mzee wa Kalenga aamke.

Mzee wa Kalenga (Prince Albert)

Nimeamka tangu saa kumi na moja, theluji haijishoveli.

Kijana, nianze na sheria ili usilale na wasiwasi. Ile 5 uliyoisikia ni ya bunduki zinazojipakia zenyewe, semi-otomatiki, za risasi zinazopigwa katikati ya kitako (centrefire). Hiyo yako ni ya bolti, unavuta kwa mkono kila risasi, sheria ya nchi haikuwekei idadi, kwa hiyo 10 ya Lee-Enfield ni halali. Kanuni za uwindaji za jimbo lako zisome wewe mwenyewe, zinabadilika kila msimu. Na kama siku moja utanunua ya semi-otomatiki ukakuta magazini imepigwa ribiti ya kuzuia zisiingie zaidi ya 5, hiyo ribiti usiiguse, ni kosa la jinai hilo, si utani.

Sasa hilo tatizo lako. Mi nakuhakikishia hata kabla sijaiona, umenunua magazini ya ndugu yake. Watu wanasema "Lee-Enfield" kama vile ni moja, wakati hapa kuna familia mbili. Kuna Namba 1, ile SMLE iliyopigana vita ya kwanza, Mark III yake ni ya 1907, ndo hiyo hiyo iliyopita kwetu wakati Waingereza wanamfukuza Mjerumani. Halafu kuna Namba 4 ya vita ya pili, na hiyo ilitengenezwa mpaka hapa hapa Canada, Long Branch karibu na Toronto. Zote zinakula risasi moja, .303, lakini magazini haziingiliani. Ya Namba 1 ukiibamiza kwenye Namba 4 inafanya hivo hivo unavosema, inashika nusu inacheza.

Utajuaje yako ni ipi, maana wakishaikata mbao zote zinafanana? Angalia saiti ya nyuma, kile cha kulengea, ilikuwa wapi. Ya Namba 1 imekaa juu ya mtutu, mbali na jicho, mbele ya pale risasi inapoingilia. Ya Namba 4 ipo nyuma kabisa, karibu na jicho. Kama waling'oa saiti wakaweka darubini, soma maandishi. Namba 1 inaandikwa upande wa kulia kwenye shingo ya chuma pale kitako kinapoanzia, taji la mfalme, kiwanda na mwaka. Namba 4 soma ubavu wa kushoto. Ukiona LONG BRANCH basi umemaliza, tafuta magazini ya Namba 4. Na kuna ya tatu ya kuangalia, ya India, Ishapore 2A1, hiyo inakula 7.62 ya NATO na magazini yake ni ya risasi 12 ina umbo la boksi, wauzaji wengine wanazichanganya kwenye karai moja bila kusema.

Halafu kuchagua. We si umekulia Mbeya, ulikuwa unanunuaje viatu Mwanjelwa? Unakunja soli, unaingiza mkono ndani, unanusa, muuzaji anakuita kaka mteja we husikii. Basi fanya hivo hivo. Midomo ya juu, zile kingo mbili zinazozuia risasi zisiruke, hizo ndo roho ya magazini, ziangalie kwa taa, ikiwa moja imepinda au ina alama ya plaizi achana nayo. Ubavu usiwe umebonyea hata kidogo, maana risasi zinapanda kwa kupishana kulia na kushoto na bonde dogo tu linazikwamisha. Bonyeza kile kibao cha ndani kwa kidole mpaka chini uachie, kinatakiwa kipande juu chenyewe kwa kasi bila kusita upande. Kutu ya juu juu si neno. Kutu yenye vishimo ndani, hapana. Na zile mpya za kuiga zinazong'aa ziache, mi nimejaribu mbili zote zikawa za kufungia milango, bora ya jeshi ya mwaka 1942 yenye mikwaruzo.

Kufunga: bunduki iwe tupu, angalia kwa macho halafu ingiza kidole kwenye chemba uhakikishe, kisha toa bolti kabisa uiweke mezani. Risasi za kweli ziwe chumba kingine. Magazini inatangulia pua, sehemu ya mbele inaingia kwanza, halafu unainua ya nyuma mpaka usikie klik. Kuitoa ni kile kikamatio kidogo mbele ya kifyatulio, unakisukuma juu. Ikishakaa, ichezeshe, kucheza kidogo ni kawaida, kucheza kama jino bovu si kawaida. Rudisha bolti, weka risasi za bandia tano, endesha taratibu huku unaangalia kutoka juu kama uso wa bolti unashika ukingo wa kitako cha risasi. Usipoushika, ama magazini imekaa chini sana ama springi imechoka. Hapo watu ndo wanakimbilia tupa. Jeshini fundi ndo alikuwa anairekebisha midomo kidogo kidogo kwa bunduki moja moja, ndo maana magazini nzuri kwa jirani inaweza kukukataa wewe. Ukikwama mpelekee fundi wa bunduki akupinde midomo robo milimita, ila kile kikamatio cha kwenye bunduki yenyewe asikiguse mtu, ukishakisugua umeharibu bunduki kwa ajili ya kipande cha bati.

Na jambo ambalo wengi hawalijui. Risasi ya .303 ina ukingo kwenye kitako, umetokeza nje. Ukipakia moja moja, kila ukingo wa juu lazima ukae mbele ya ukingo wa chini yake. Ukikaa nyuma, zinakumbatiana, bolti inagoma, swala anakuangalia tu anakuonea huruma. Mwanajeshi hakuwa na shida hiyo sana kwa sababu alipakia kwa zile klipu za risasi tano kutokea juu, magazini yenyewe alikuwa haitoi vitani, inakaa humo humo, hawakuwa wanabadilishana kama kwenye sinema. Kwa hiyo usihangaike kununua tano, moja inayokaa inatosha.

Umesema risasi gani unatumia? Maana magazini hii iliundwa kwa risasi ya jeshi ya Mark VII, yenye kichwa cha uzito wa greni 174, pua imechongoka. Zile za kuwindia zenye pua butu ya madini laini ya risasi wakati mwingine zinagonga ukuta wa mbele. Jaribu aina mbili kabla hujanunua katoni.

Babu zetu Wahehe pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 waliokota bunduki kama 300 za Wajerumani kwa siku moja, na bado mikuki ndo iliendelea kufanya kazi. Nawaza hilo kila nikiona kijana ameshika chuma kizuri na magazini isiyo yake.

Baba Furaha (Mafinga)

Mzee shikamoo. Mimi nilirudi nyumbani miaka mitatu sasa lakini bado nawasoma. Baba mdogo ana .303 ya leseni kabisa, alirithi, na huku karibu na msitu wa Sao Hill nguruwe pori wanamaliza mahindi usiku kucha, magazini yake imepasuka ubavu ameifunga waya. Kwa kuwa hizo za mtumba huko zimejaa, anayekuja Desemba si aniwekee moja kwenye begi? Ni bati tupu, haina risasi.

Mama Atu (Winnipeg)

Baba Furaha, hapana, na naomba asijitokeze mtu wa kukukubalia faragha. Magazini ni sehemu ya silaha. Kuitoa Canada kunataka kibali cha serikali cha kusafirisha nje, kuiingiza Tanzania kunataka kibali chini ya sheria ya silaha ya 2015, na ndege yenyewe inapita nchi ya tatu ambako hakuna anayejua Mafinga iko wapi. Mi niliwahi kusahau ganda tupu la risasi kwenye mfuko wa koti, la ukumbusho tu, nilikalishwa chumba cha maswali nikaachwa na ndege na watoto wanalia njaa. Ganda tupu! Baba mdogo aanzie polisi wilayani kwake alikosajili, na silaha yake mkononi waione ilivyopasuka, wamwelekeze kwa muuzaji mwenye leseni. Najua ni mzunguko. Nguruwe nao awape taarifa maliasili.

Hata hapa Ambwene, siku hizi ukinunua magazini duka linataka kuona leseni yako, usiwe unaazimana na mashemeji. Na una watoto: tupu, imefungwa kwa kufuli, risasi kabati jingine na ufunguo mwingine. Mume wangu anaificha bolti pia, amesahau wapi mara mbili.

Baba Furaha (Mafinga)

Nimekuelewa dada. Atakwenda Jumatatu. Waya unaendelea kushika.

Ambwene (Red Deer)

Mzee ndaga fijo. LONG BRANCH 1943 ubavuni, iko wazi kabisa, nilikuwa nimeipaka oili nyingi sijaona. Nikapata ya Namba 4 kwenye maonesho ya bunduki Jumamosi, nimekagua kumi na moja kwenye karai mpaka muuzaji akaniuliza kama natafuta mke. Imekaa klik ya kwanza. Za bandia tano zimepita zote. Uwanjani nikapakia kumi za kweli, greni 180 zenye pua butu, ya nne ikagonga mbele kama ulivyosema, nimebadili za kuchongoka zimepita zote, ila ile ya kumi inaingia kwa kubembelezwa kwa hiyo napakia nane tu. Oili pia nimepunguza, asubuhi ile ilikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri na bolti ilikuwa inatembea kama bibi anayepanda Rungwe.

Ile ya Namba 1 ipo, midomo mizima, springi kali, nimeisafisha. Mwenye SMLE hapa Alberta aseme, dola 20, aje na leseni.