Nataka kuuza laptopu nibaki na Steam Deck peke yake, nipeni ushauri wakuu

Mbayuwayu
Wakuu heshima zenu. Nina Steam Deck, kile kidude cha gemu cha mkononi cha kampuni ya Valve, toleo la skrini ya OLED, GB 64, nimeinunua mkononi kwa mtu, halafu nina laptopu ya zamani kidogo ambayo ni nzito na chaja yake peke yake ni mzigo. Sasa juzi nimeshikilia kitufe cha kuwasha ikaja menyu ya kuhamia desktopu, kuingia nakuta mle ndani kuna Linux kamili, nikapakua Firefox na LibreOffice, faili zangu zote zikafunguka. Hapo ndo nikajiuliza laptopu ya nini tena. Kazi zangu ni za kawaida tu, kuandika, barua pepe, kusoma PDF na mambo ya kozi. Kuna aliyekaa na hiki kidude kama kompyuta ya kila siku? Naombeni majibu ya haraka maana usingizi umekata.

Waya Mbili
Inawezekana kabisa mkuu, mimi ndo natumia. RAM GB 16, prosesa ya AMD yenye kori 4 za Zen 2, laptopu nyingi za ofisini hazifiki hapo. Cha kwanza tafuta doki ya USB-C, kile kisanduku cha kuongeza matundu, iwe inayopitisha umeme, maana kifaa kina tundu moja tu, ukichomeka kibodi huchaji, ukichaji huna pa kuchomeka kibodi. Chaja yake ni wati 45 kwa hiyo doki iwe inapitisha hizo na ziada kidogo. Halafu kibodi ya Bluetooth ni lazima, ile ya kwenye skrini unaiita kwa STEAM pamoja na X, inapanda inafunika nusu ya unachoandika, aya mbili tu umeshachoka. Ukiwa huna monita kuza maandishi mpaka asilimia 150, maandishi ya skrini ya pikseli 1280 kwa 800 kwenye inchi saba na kitu yanakuwa madogo sana machoni. Programu chukua za Flatpak kule Discover, duka la programu la humo humo. Usije ukafungua mfumo ukaanza kulazimisha vitu kwa pacman, ile amri ya kusakinisha programu, apdeti ikija inafagia vyote.

Babu wa Diski
Skrini ndogo isikutishe kijana. Mwaka 2007 Asus walipotoa Eee PC ilikuwa inchi 7 hizo hizo, tena 800 kwa 480, nayo ilikuja na Linux, na nimeandikia kazi zangu zote za chuo humo. Kwenye jedwali ulikuwa unaona safu chache tu unasogeza kulia, ukifika kulia umeshasahau jina la safu ya kushoto, unarudi. Mwenzangu mmoja alikuwa anaandika vichwa vya safu kwenye karatasi anaibandika juu ya skrini, na alimaliza chuo na daraja zuri kuliko sisi wote. Ile mashine ninayo mpaka leo, betri ndo imekufa.

Mama Ratiba
Mimi niseme ukweli japo utaniudhi mdogo wangu. Kifaa cha gemu kitabaki cha gemu. Unakaa kuandika ripoti, unabonyeza kitufe kimoja kurudi upande wa pili, ukija kushtuka usiku umekwisha. Nimemuona mwanangu mwenyewe. Tenga cha kazi na cha kucheza.

Kitunguu Saumu
Faida yake ni kwamba bosi akikukuta unacheza unamwambia ofisi ndo hii 😂

Swali Moja
Mtoa mada, mtu wa barua pepe na PDF hakosi usingizi. Kuna kitu hujasema. Haraka inatoka wapi, na hayo "mambo ya kozi" ni mambo gani hasa?

Mbayuwayu
Sawa dada, ngoja niseme. Laptopu kuna mtu ameshaniachia nusu ya hela, anakuja kuichukua wiki hii. Na kozi ninayosoma mitihani yake inafanyikia nyumbani kwa programu maalum inayokuangalia kwa kamera, wameandika ni Windows au Mac tu. Lakini hilo nimeshalipangia, nitaweka Windows kwenye memori kadi, kamera nitachomeka ya USB. Mitihani ni mara chache, siwezi kubeba laptopu mwaka mzima kwa ajili ya siku za mitihani. Ndo maana niliuliza habari ya matumizi ya kila siku.

Swali Moja
Hilo ndo lilitakiwa liwe mstari wa kwanza.

Waya Mbili
Mkuu narudi nyuma kidogo. Windows inaingia, Valve wenyewe wametoa draiva zake, lakini kuiendesha toka kwenye memori kadi ni polepole mno, na siku ya mtihani Windows ikiamua kujiapdeti hapo hapo utafanyaje? Ukifikiria kuiweka ndani, Microsoft wanataka kuanzia GB 64 kwa Windows 11 peke yake na wewe ndo nafasi yako yote hiyo. Hata njia ya kuendesha Windows ndani ya Linux sikushauri, programu nyingi za mitihani zikigundua zinakufungia nje.

Jicho la Tatu
Wakuu mnajibu chai. OLED ya GB 64 haipo duniani. Ilipotoka Novemba 2023 ilikuja na GB 512 na TB 1, basi. Ya GB 64 ni ile ya kwanza ya 2022 yenye skrini ya LCD. Huyu hana kifaa chochote, kasoma matangazo akaja kutupotezea muda, na huyo mnunuzi na mtihani ni vya kutunga vilevile.

Kitunguu Saumu
Aisee chai ya moto na maandazi yake.

Babu wa Diski
Hata kama ni chai, maelezo ya doki yamenisaidia mimi.

Mbayuwayu
Sijatunga chochote. Kifaa kipo mkononi, aliyeniuzia aliandika OLED na mimi nikachukua hivyo. Ndani inasoma 64 na ndo niliyowaandikia.

Jicho la Tatu
Kitufe cha kuwasha pale juu kina rangi gani? Na ule ukingo mweusi kuzunguka picha ni mnene au mwembamba?

Mbayuwayu
Kitufe cheusi. Ukingo mnene, kama upana wa kidole kidogo.

Jicho la Tatu
Basi hiyo ni LCD. OLED kitufe chake ni cha rangi ya chungwa. Umeuziwa jina mkuu, neno chai nalifuta, nilikushuku bure. Na hesabu ya betri inabadilika, OLED ina Wh 50, hiyo yako Wh 40, tena imeshatumika. Ila habari njema ni kwamba hiyo hifadhi ya ndani inatoka, unaweka SSD fupi ya M.2 2230, hapo Windows inapata pa kukaa bila kugusa memori kadi. Fungua taratibu, skrubu nane za nyuma, na memori kadi itoe kabla hujaanza la sivyo inakatika katikati.

Mama Ratiba
Mrudishie mtu hela yake.

Mbayuwayu
Mama siwezi kuvunja maneno, nimeshakubaliana naye. Nimemwomba tu anisubiri mpaka mitihani iishe, hajajibu. Akikataa nitaazima ya mtu kwa siku hizo. Mkuu Jicho, hiyo SSD ya TB 1 haitamaliza betri zaidi? Na SteamOS, yaani mfumo wake wa Linux, nikishabadilisha naiweka upya kwa fleshi ya kawaida au kuna namna yake?

Waya Mbili
Fleshi ya kawaida tu, GB 8 kwenda juu. Faili la kurejesha mfumo lipo kwenye tovuti ya Valve, ila hiyo fleshi itengeneze kwa laptopu kabla laptopu haijaondoka.