Naomba ushauri: nipimeje uratibu wa sera za mazingira Ujerumani?

Habari zenu wakuu. Naandika tasnifu kuhusu jinsi serikali ya shirikisho na majimbo zinavyoratibu sera za mazingira Ujerumani, na nimekwama. Tangu marekebisho ya katiba ya 2006, majimbo yote 16 yanaruhusiwa kutunga sheria za maji na hifadhi ya mazingira asilia zinazotofautiana na za shirikisho, na inayotumika ni ile iliyotungwa baadaye. Yaani kama kupokezana karata! Ila kanuni za kulinda spishi, jimbo haligusi. Mawaziri wa mazingira wa pande zote hukutana na kupitisha maazimio, lakini hayamfungi mtu kisheria. Sasa nilinganishe majimbo mawili, au nifuatilie sheria moja kote? Msimamizi wangu anasema "chagua tu". Waliopitia utafiti wa namna hii, nishikeni mkono.