Kesi za injini ya Banshee: nisage kufuata silinda au gasketi?

Swali (Jinja): Wakuu, nina Yamaha Banshee 350, ile pikipiki ya magurudumu manne, injini ya mipigo miwili. Njia za hewa na petroli kwenye silinda zimeshatanuliwa, ila zile za kwenye kesi (ganda la chini linaloshika kranki) bado nyembamba. Nikipitisha kidole naigusa ngazi pale zinapokutana. Nianze kusaga, na nifuate silinda au gasketi (karatasi ya kuzibia katikati yao)?

Fundi wa Mbale: Toa kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) kwanza, ndugu yangu! Mimi nilisaga ikiwa ndani, nimeziba kwa kitambaa tu. Unga wa alumini ukaingia kwenye beringi, kranki ikafa. Iliniuma sana. Chora kwa kufuata silinda yenyewe, na uache ukingo wa kutosha gasketi ikalie. Hewa ikipenya pale, petroli inakuwa kidogo kuliko hewa, injini inachemka, pistoni inakwama.

Mwingine: Usichimbe ovyo pia. Nafasi chini ya pistoni ikizidi, msukumo wa kupandisha hewa na petroli kwenye silinda unapungua.

Muulizaji: Asanteni. Kesho nafungua kesi zote mbili.