Mafundi pikipiki wa Mtwara, ile bush ya kati ya tairi la nyuma huwa mnaipeleka wapi?

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira na sitapunguza maneno, maana hili jambo litaua mtu, kama halijaua tayari.

Nina Honda CG125 ya zamani, shokapu mbili nyuma, breki ya ngoma. Nilimpelekea fundi mmoja hapa mjini abadilishe beringi za tairi la nyuma. Akabadilisha, nikalipa bila kuomba punguzo. Haikuchukua muda tairi likaanza kucheza upya na kulia. Safari hii sikurudi kwake, nimeifungua mwenyewe hapa nyumbani Chuno. Nimechomoa ekseli, nimetoa beringi ya kwanza, nimeingiza kidole ndani ya habu, yaani kitovu cha tairi: patupu. Bush ya kati haimo.

Kwa wasioifahamu, ni kibomba cha chuma kinachokaa ndani ya habu katikati ya beringi mbili, ekseli inapita ndani yake. Unapokaza nati ya ekseli, nguvu inatoka pete ya ndani ya beringi ya upande mmoja, inapita kwenye hiyo bush, inafika pete ya ndani ya upande wa pili. Kila kitu kinabana kama kipande kimoja na tairi linazunguka laini. Itoe hiyo bush uone. Nati inazisukuma zile pete za ndani zikaribiane, gololi zinabanwa ubavuni, zinapata moto, zinakufa. Ukilegeza nati ili tairi lizunguke, ekseli nayo inacheza. Hakuna namna ya kuikaza ikakaa sawa. Hata ununue beringi ya bei gani, itakufa tu.

Na najua ilivyotoka. Kutoa beringi ya zamani unaisogeza bush pembeni kidogo, unapata ukingo wa pete ya ndani, unagonga taratibu ukizunguka pande zote. Yeye kapiga tindo katikati kwa nguvu zote. Alama ziko ndani ya habu, nimezipiga picha. Bush ikipinda mdomo ekseli haipiti tena, sasa badala ya kumwambia mwenye chombo "bush imeharibika, tukatafute nyingine", unaitupa, unafunga, unachukua hela. Huu ni wizi, na mbaya zaidi ni wizi unaompandisha mtu kwenye chombo kibovu huku akiamini kimepona.

Nimeendelea kufungua. Pale kwenye sahani ya breki, ile inayobeba viatu vya breki, kuna upau unaotoka kwenye sahani kwenda kwenye foku ya nyuma, ile inayobeba tairi. Ukikanyaga breki, viatu vinashika ngoma, na ngoma inataka kuizungusha sahani pamoja nayo. Huo upau peke yake ndio unaoizuia. Bolti yake ina tundu la kipini ili nati isifunguke njiani. Nimekuta msumari. Msumari wa mbao, umekunjwa kwa plaizi, umeshaliwa na kutu nusu yake, na nati imeanza kutoka. Ungekatika nikiwa nateremka Newala kwenda Masasi na mzigo wa korosho nyuma? Sahani inazunguka, inavuta fimbo ya breki, tairi linajifunga lenyewe. Mnalifahamu lile teremko. Na vijana wa bodaboda wanabeba mama na mtoto mgongoni kwenye vyombo vilivyofungwa na mafundi hawa hawa!

Msiniambie "mbona zote zinatembea". Zinatembea mpaka siku zisipotembea.

Haya, duka la spea. Shokapu ya kushoto ilikuwa inavuja mafuta, nikaamua nibadilishe zote mbili, kwa sababu huwezi kuchanganya mpya na iliyochoka ukategemea tairi likae wima. Nimefika na ya zamani mkononi, nimesema pikipiki yangu ni ipi. Muuzaji kanipa boksi, "hizi ni za CG, original". Sasa hapa ndipo tunapoibiwa wengi. Pikipiki nyingi za Kichina zinatumia injini iliyojengwa kwa mfano wa ile ya CG125, kwa hiyo madukani jina CG limekuwa la kila kitu. Lakini shokapu haifungwi kwenye injini. Inafungwa kwenye fremu na foku, na hivyo vinatofautiana toka pikipiki hadi pikipiki. Nimezisimamisha hizo mpya sakafuni moja kando ya nyingine: hazilingani urefu zenyewe kwa zenyewe, moja inaizidi mwenzake kama upana wa kidole. Na tundu la chini ni kubwa kuliko bolti. Nimerudi nazo, jamaa ananiambia nizungushie bati la kopo kwenye bolti, "itabana tu". Kisha ananionyesha risiti: mali iliyouzwa hairudishwi.

Bati la kopo, kwenye bolti inayobeba uzito wangu na wa abiria!

Shokapu zikitofautiana urefu, foku inasukumwa isivyo sawa kila ukipita shimo, bush za foku zinaliwa upande mmoja na mkia wa pikipiki unayumba. Zikiwa ndefu kuliko zinazotakiwa, hata cheni inakudanganya. Cheni inabana zaidi pale sproketi ya mbele, bolti ya foku na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Ukiipima imening'inia kwenye stendi kubwa, shokapu zimenyooka, unaona ulegevu mzuri wa sentimita mbili tatu, lakini ukipakia mtu, foku ikapanda, inakaza na kuanza kula beringi na sproketi. Kwa hiyo mkipima cheni muwekeeni mtu juu ya siti kwanza. Na ile klipu ya kiungo cha cheni, upande uliofungwa uangalie cheni inakoelekea inapozunguka. Yangu ilikuwa imewekwa kinyume, sikushangaa tena.

Beringi nazo zisomeni kabla ya kulipa. Iliyoandikwa 6302 lazima iwe milimita 15 tundu la ndani, 42 nje, unene 13, na 6301 ni 12, 37 na 12. Rula ya mtoto wa shule inatosha kumuumbua muuzaji. Sisi tunaoishi na hewa ya chumvi na mchanga wa Mikindani na Msimbati tuchukue zenye 2RS, maana yake ina raba pande zote mbili. Wakati wa kuiingiza gonga pete ya nje tu. Nilizozitoa zimegongwa pete ya ndani, ukizizungusha mkononi unasikia zinakwaruza.

Na huyo wa "hairudishwi" ajue kwamba Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, sura ya 214, ipo. Nikikueleza ninachokihitaji ni cha kazi gani, nikategemea ujuzi wako wewe muuza bidhaa hiyo, unatakiwa unipe kinachofaa kwa kazi hiyo. Na kuniuzia kitu feki ukakiita original ni kosa, Tume ya Ushindani ipo kwa ajili ya mambo hayo. Kesho narudi dukani na boksi, risiti na picha. Asiponirudishia hela, malalamiko yanaandikwa.

Mafundi mnaofanya kazi vizuri, na mpo, hili haliwahusu. Ninachowaomba wote: mkifungua tairi la mtu, vitu vyote viwekeni kwenye sinia mbele yake, vihesabiwe vikitoka na vikirudi. Na ninyi wenye pikipiki msiende kunywa chai, simameni hapo hapo.

Sasa nahitaji msaada. Kuna mwenye kumfahamu fundi wa kukereza vyuma, Mtwara au hata Lindi, anayeweza kunitengenezea bush ya kati kwa kipimo kamili? Urefu wake ni ule ule wa umbali kati ya makao mawili ya beringi ndani ya habu, na nimeshaupima. Kuna pia mwenye shokapu jozi nzima za CG yenyewe, hata kama zimetumika, mradi hazivuji? Nina hela, na nitakuja na rula.