MREJESHO: Safari ya nje na wanachuo wenzangu, tumerudi

Wakuu salama? Mimi ndo yule niliyeomba ushauri jinsi ya kusafiri nje ya nchi na kundi la wanachuo bila kupotezana wala kugombania hela. Tumerudi wote wazima, asanteni sana aisee.

Kilichotuokoa ni ule ushauri wa kila mtu kutoa kopi ya pasipoti aiweke mbali na pasipoti yenyewe na nyingine ajitumie kwenye imeili, maana mwenzetu kaibiwa begi stesheni na pasipoti ikiwa ndani. Tukaanza polisi kuchukua ripoti ndo tukaenda ubalozini, wakataka ile ripoti, picha ndogo na kitu cha kuonyesha yeye ni raia, kopi ikafanya kazi, akapewa hati ya dharura. Ila ilikuwa ya kumrudisha nyumbani tu, kwa hiyo nchi ya pili tuliyopanga kupita hakwenda, mmoja wetu ikabidi abaki naye. Iliuma.

Na ule ushauri wa pawabenki kukaa kwenye begi la mkononi, sio kwenye sanduku, mlisema kweli, eapoti watu walikuwa wanafungulishwa masanduku wazitoe, sisi tunapita.

Ushauri wa mfuko wa pamoja wa hela ndo ulifeli. Mtunza hela mwaminifu kabisa, tatizo huyu anataka teksi yule basi, kila saa kikao barabarani, mwisho mfuko ukabaki wa malazi na usafiri wa kundi, mengine kila mtu na zake. Kelele zilipungua, kuisha hazikuisha. Na aliyeshauri marafiki wa karibu wasilale chumba kimoja, mkuu, hilo waligoma kabisa.