Skripti zote kuandika faili moja la logi bila kufuli: huu uzembe mpaka lini?

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Tumerithi mfumo wa malipo ulioundwa na kampuni moja hapa mjini. Kwenye seva kuna skripti za Python zinazokesha: moja inapokea malipo, nyingine inatuma SMS, nyingine inalinganisha hesabu. Zote zinaandika kwenye app.log, faili la logi (kumbukumbu ya kila tukio), kwa wakati mmoja, bila kufuli la kuzipanga zamu. Mteja kaja juu, pesa yake haionekani. Nafungua logi nakuta hivi:

Malipo yamepokeSMS imetumwa kwa mte

Mtu anadai hela yake, nimsomee hiyo?

Na asije mtu hapa na jibu la "fungua faili kwa 'a', kwisha habari". Hiyo 'a' kazi yake ni kupeleka kila kinachofika kwa kernel (kiini cha mfumo endeshi) mwisho wa faili, ili skripti moja isifute ya mwenzake. Basi. Ukitumia open() na write(), Python inakusanya kwanza maandishi kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda kwenye kumbukumbu, ikijaa ndipo inamwaga. Bafa haina habari mstari unaishia wapi, inakata hata katikati ya neno. Skripti ikiuawa ghafla kwa amri ya kill -9, yaliyokuwa ndani ya bafa yamekwenda. Faili likikaa kwenye NFS (diski ya seva nyingine kupitia mtandao), hata hiyo 'a' usiitegemee.

Kuna skripti nyingine wameziwekea RotatingFileHandler, zana ya Python ya kuanza faili jipya la logi la zamani likijaa, na hapa ndipo damu ilipochemka. Faili likijaa, skripti ya kwanza inalibadilisha jina kuwa app.log.1 na kufungua jipya. Za pili na tatu bado zimeshikilia lile la zamani, ambalo limeshajaa, kwa hiyo kila moja nayo inazungusha upya! Faili jipya lenye mistari michache linasukumwa nyuma, na la mwisho kwenye foleni ya mafaili ya zamani linafutwa. Ushahidi wa malipo ya watu unafutwa na programu iliyowekwa kuutunza.

Nimewapigia waliounda. Eti "seva imeelemewa, ongezeni RAM". Uongo mtupu! Waraka rasmi wa Python unasema wazi: moduli ya logging ni salama kwa thredi (kazi zinazoenda sambamba) ndani ya mchakato mmoja, yaani programu moja inayoendeshwa, lakini haiungi mkono michakato kadhaa kuandika faili moja. Hata kuusoma wameshindwa, na hela wamechukua.

Dawa ipo na haigharimu kitu. Kila skripti iwe na faili lake. Au zote zitume kwa syslog au journald, huduma za Linux za kupokea logi, mwandishi abaki mmoja. Au QueueHandler ya Python, inayopeleka ujumbe kwenye foleni ya pamoja inayosomwa na mwandishi mmoja. Ukitaka flock, kufuli la faili la Linux, sawa, ila skripti zote lazima ziombe kufuli, maana moja ikikaidi Linux haiizuii.

Wanaofundisha kozi mtandaoni kwa mifano ya app.log moja kwa kila kitu, iondoeni. Vijana wanainakili ilivyo na kuipeleka kwenye mifumo ya pesa.