Fidia baada ya kuwekwa mahabusu: nisimame mwenyewe, niweke wakili, au niende Tume?

Boda_Chang'ombe
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni bodaboda hapa Dodoma. Nilikamatwa Ijumaa kwa tuhuma za simu ya wizi, nikatoka Jumanne kwa dhamana ya polisi. Mahakamani sikufikishwa, na jalada naambiwa limefungwa. Nataka kuidai Serikali fidia. Wakili kanitajia hela ya kuanzia inayokaribia bei ya pikipiki. Nisimame mwenyewe? Au Tume ya Haki za Binadamu, si makao makuu yao yapo hapa hapa?

Mama_Zabibu
Tume ni bure na wakili huhitaji. Wanachunguza, wanauita na upande wa pili. Ila mwisho wake ni mapendekezo, siyo hukumu ya mahakama unayoweza kuikazia ili ulipwe. Usijisahau huko mpaka ukomo wa miaka 3 wa madai haya ukupite.

Kikuyu_Kaskazini
Kusimama mwenyewe ruksa. Ila wengi hukwama kabla hata jaji hajawasikiliza. Serikali huwezi kuishtaki kwa kuamka tu asubuhi ukaenda kufungua kesi: kwanza notisi ya siku 90 chini ya Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali (Sura ya 5), nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na yeye lazima aunganishwe kwenye kesi. Kesi inafunguliwa Mahakama Kuu, sahau ya Mwanzo. Ukiwahi kabla siku hazijaisha, pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria inayotolewa kabla kesi haijasikilizwa, linakutoa.

Notisi andika mwenyewe: nani, lini, wapi, unadai nini. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila huo muhuri utabishana mpaka uchoke.

Ntyuka_Juu
Mbona hamumwambii afungue ya kikatiba? Ibara ya 15 inamlinda waziwazi.

Kikuyu_Kaskazini
Mkuu, hiyo inasikika kubwa tu. Inaenda kwa majaji 3, na sheria ya kudai haki za msingi (Sura ya 3) inaitaka Mahakama isiishughulikie kama ipo njia nyingine ya kutosha. Yeye anayo: madai ya kuzuiliwa isivyo halali.

Mama_Zabibu
Na wikiendi je? Watasema mahakama zilifungwa.

Kikuyu_Kaskazini
Hapo ndipo kesi yake ilipo. Aliyekamatwa bila hati, ikionekana hatafikishwa mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anatakiwa kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa liwe zito. Kwa hiyo watang'ang'ania uzito wa kosa. Kumhoji shahidi wa polisi juu ya hilo ni kazi ya wakili, hata mimi ningemlipa kwa siku hizo tu.

Ntyuka_Juu
Haya nimekubali. Dogo, tafuta msaada wa kisheria kwanza. Wasaidizi wa kisheria wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 hawasimami mahakamani, ila watakusaidia kuandika. Lugha isikutishe, tangu 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, japo hukumu za rejea nyingi bado ni Kiingereza. Na ukishindwa unaweza kuamriwa kulipa gharama za kesi.

Boda_Chang'ombe
Asanteni sana. Notisi naandika mwenyewe, kesini nitatafuta mtu. Karatasi ya dhamana ninayo, tarehe ya kutoka ipo. Ya kuingia sina, ila dada aliniletea chakula Jumamosi.

Kikuyu_Kaskazini
Huyo ni shahidi. Mwambie aandike leo alifika saa ngapi na alimkuta nani kaunta.